Jinsi ya kuandika riwaya ya majasusi, uchawi na mapenzi yaliyokatazwa, ukianzia hapa kwetu kando ya Ziwa Victoria

Kama uko na riwaya kichwani, jasusi ametumwa kwa adui, akafika akapenda mtu ambaye hafai kabisa kumpenda, na kuna uchawi ndani, lakini umeandika chapta tatu alafu ikakataa kwenda, hii ni yako, soma polepole. Mimi husoma drafti za vijana wa huku, wa Kisumu, Siaya, Kakamega, wengine Nakuru, na ugonjwa huwa ni ule ule: mapenzi yanaenda kivyake, ujasusi kivyake, uchawi unaingia tu pale ploti imekwama, na msomaji anaanza kuruka kurasa za vita aende pale wanashikana mikono, ama anaruka za mikono arudi kwa vita. Ukiona hivyo jua umeandika stori tatu ukazipa jina moja.

Dawa yake ni hii, na kama utabeba kitu kimoja tu hapa beba hiki. Siri ambayo jasusi ametumwa kuitafuta iwe ni siri ya uchawi, na iwe haiwezi kujulikana na mtu yeyote isipokuwa yule anayependwa. Basi. Ukishafunga hivyo, kila hatua ya mapenzi inakuwa hatua ya kazi, kila busu inamsogeza karibu na kitu atakachouza, na msomaji hawezi kuruka ukurasa juu hajui ni upi utakuwa na kisu.

Na si lazima uende Ulaya ya majumba ya kifalme kutafuta mfano. Ukitoka Kisumu kuelekea Ahero, hiyo bonde yote ya Kano, ndiyo nyumbani kwa Lwanda Magere, yule shujaa wa hadithi za Waluo. Wengi tulisimuliwa tukiwa wadogo lakini hatukuwahi kuiangalia kama mafundi. Mwanaume mwili wake ni jiwe, mkuki ukimgonga unateleza, na Lang'o, yaani wale jirani wa milimani, wamepigana naye wakachoka. Wakaamua vita haitaisha kwa mkuki, wakamtolea msichana mrembo awe mke wake. Wazee wa Kano wakamkataza, wakamwambia huyu si wa kuoa, yeye akaoa. Wakaishi. Siku moja akaugua, na kama ilivyokuwa matibabu ya wakati huo alitaka kuchanjwa apakwe dawa, lakini utachanja vipi jiwe, kwa hivyo akamwambia mkewe achanje kivuli chake. Wembe ukagusa kivuli, damu ikatoka. Usiku huo bibi akatoroka kwenda kwao. Vita iliyofuata hawakurusha mikuki kwa mwili, walirusha kwa kivuli, akaanguka akawa jiwe kweli, na hilo jiwe hadi leo watu wa Kano wanakuonyesha.

Sasa angalia venye hiyo kitu imejengwa. Misheni ni kujua udhaifu wake. Udhaifu ni uchawi. Na uchawi huo haujulikani kwa kuchungulia dirishani, unajulikana tu na mtu mgonjwa akikuamini akupe wembe. Hakuna sehemu unaeza kutoa stori ikabaki imesimama.

Lakini kuna shimo kubwa hapo ndani na hilo shimo ndio riwaya yako. Wengi wanaosimulia hawamtaji hata jina huyo msichana, na hakuna anayetuambia aliwaza nini kati ya ile dakika aliona damu kwa kivuli na ile dakika alifungua boma akaanza kukimbia. Je, alisafisha kidonda kwanza? Alimfunika blanketi? Alikuwa na mimba? Alikuwa ameshasahau kwamba alitumwa? Mimi naamini mtu akiandika huo usiku mmoja vizuri, maneno mia sita tu, tayari anajua riwaya yake yote inaelekea wapi. Kwa hivyo usianze na ramani ya ufalme wala orodha ya majina ya miungu. Anza na huo usiku wa stori yako wewe: jasusi wako ameshika siri, mwenye siri amelala pembeni yake, na kuna saa chache kabla kuche. Ukishindwa kuandika hiyo, badilisha siri, juu pengine haiumi vya kutosha.

Tukuje kwa uchawi wenyewe. Kila nguvu kwa stori yako iandikie sentensi moja yenye vitu vitatu: inafanya nini, inamgharimu nini mwenye nayo, na tundu lake liko wapi. Lwanda anazuia mikuki, na tundu lake ni kitu anachotembea nacho mchana kutwa mbele ya macho ya kila mtu. Hapo ndio utamu, tundu haliko ndani ya sanduku la dhahabu chini ya bahari, liko wazi na hakuna aliyefikiria kuliangalia. Uchawi usio na gharama huua mapenzi haraka sana, kwani kama shujaa anaeza kuruka angani wakati wowote kwa nini hao wawili wasiruke tu waende zao?

Na huku kwetu gharama zimeshapangwa tayari, hauhitaji kubuni kutoka sifuri. Kuna chira. Mtu amevunja mwiko, ameoa pale hapafai kuoa, ama amefanya mambo ya boma bila kufuata utaratibu, anaanza kukonda na hakuna dawa ya hospitali inashika, mpaka wazee wakae chini na manyasi, ile dawa ya kienyeji ya kumtakasa, itengenezwe. Hebu fikiria hiyo kwa riwaya ya mapenzi yaliyokatazwa: wawili wamependana, na kadiri wanavyokutana mmoja wao anakonda. Hakuna polisi, hakuna baba mwenye panga, mwili wenyewe ndio unaripoti. Jasusi wako anaeza kuficha barua, anaeza kuficha jina, lakini atafichaje mbavu zinazoonekana?

Alafu kuna wale wanaokimbia usiku, watu wanaosemekana kuzunguka kijijini gizani kwa uchawi, ambao kila kijiji cha Nyanza na Western kina familia inayoshukiwa. Mtu kama huyo anajua kila njia ya mguu gizani, anajua mbwa gani wa nani anabweka na gani ananyamaza, anajua nani analala nje ya nyumba yake. Huyo ni jasusi kamili na hakuna serikali imemfunza. Na ni mapenzi yaliyokatazwa bila kuongeza chumvi, kwani ni familia ngapi zimekataa mchumba kwa sababu tu ya minong'ono kwamba kwao hukimbia usiku?

Hapa nisimame kidogo. Uchawi kwa karatasi ni mtamu, lakini huku kuna wazee wameuawa kweli, Kisii mwaka 2008 watu walichomwa kwa kushukiwa uchawi, na wengi wanaoshukiwa ni nyanya zetu, wajane walioachwa peke yao na kipande cha shamba ambacho mtu anakitaka. Kwa hivyo tafadhali adui wa riwaya yako asiwe mama mzee anayeishi pekee. Mpe huyo mama akili, mpe siri, mfanye hata mkuu wa majasusi, lakini usiongezee watu sababu ya kumuogopa jirani.

Kwa ujasusi nitakaa zaidi kwa sababu hapo ndio wengi huniletea miwani nyeusi na bastola yenye kinyamazisho. Jasusi wa kweli ni mtu ambaye akiondoka hakuna anayekumbuka alivaa nini. Na kazi hii tulikuwa nayo. Zamani kwa Waluo kijana akitaka kuoa kulikuwa na jagam, mtu wa kati, na kazi yake haikuwa kupeleka salamu tu, alikuwa anachunguza. Anaenda kwa kina msichana kwa kisingizio fulani, anakula, anaongea na majirani, anaangalia kama kuna ugonjwa wa familia, kama kuna uchawi, kama koo zimeingiliana mahali. Anarudi na ripoti. Yaani hiyo ni misheni ya kijasusi ambayo lengo lake ni ndoa! Mimi sijaona mlango mzuri wa riwaya kama huo: jagam anatumwa kuchunguza familia kwa niaba ya mwanaume mwingine, na katika kuchunguza anampenda yule binti, na anagundua kwamba kweli kuna uchawi kwa hiyo familia, na sasa akiripoti ukweli ndoa inavunjika, binti anakuwa huru lakini ameaibishwa kijiji kizima, na akidanganya anamkabidhi kwa mtu mwingine kwa mkono wake. Chukua hiyo bure kabisa, iandike.

Ukitaka ya sasa, tafuta kazi inayoona watu wengi. Mama wa omena, wale dagaa wa ziwani, soko la Kibuye hapa Kisumu siku ya Jumapili anaeza kuongea na mia na hakuna anayeshangaa. Anapimia gorogoro, na mtu akilipa anamwongezea kidogo juu. Hiyo nyongeza ni lugha tayari. Akiongeza kwa mkono wa kulia maana yake njia iko sawa, akiongeza kwa kushoto usirudi nyumbani leo, asipoongeza kabisa mtu wetu ameshikwa. Mteja wa nyuma yake kwa laini anaona tu mama mchoyo. Ukiandika hivyo msomaji wa Kisumu ataenda sokoni wiki inayofuata akiangalia mikono ya watu, na ukifika hapo umemshika.

Ziwa nalo lina saa zake na ukizijua zitakuandikia ploti. Omena huvuliwa usiku wa giza, mwezi ukiwa haupo, kwa taa zinazovuta samaki, na ukisimama ufuo wa Dunga usiku kama huo unaona taa zimejipanga huko mbali utadhani kuna mji mwingine. Kwa hivyo wapenzi wako wakitaka kukutana majini bila kuonekana, wakutane lini? Usiku wa mwezi boti hazipo nyingi lakini mwanga unakuonyesha. Usiku wa giza kuna mashahidi kila mahali lakini wote macho yako kwa taa zao. Hilo ni uamuzi ambao wahusika wanafaa kubishania, na wakibishana tunajua nani mwoga na nani amezoea. Na gugu maji likisukumwa na upepo linaeza kufunga ufuo uliokuwa wazi jioni, boti ikanasa mpaka asubuhi. Wawili maadui ndani ya boti moja iliyonasa, sihitaji kukuambia kitakachofuata.

Kuna pia Migingo. Kisiwa cha nusu ekari hivi, mabati juu ya mabati, wavuvi na wanunuzi wa mbuta, Kenya inasema ni chake na Uganda inasema ni chake, na huo mzozo umeendelea tangu 2008 na 2009. Mtu akipika ugali upande huu, wa upande wa pili anajua. Sasa weka hapo mnunuzi wa samaki kutoka Homa Bay na askari wa upande wa pili. Watapendana wapi kama hakuna pa kujificha hata kivuli? Ndio maana uchawi wa hapo inafaa uwe wa kufanya watu wasikuone, na gharama yake iwe kwamba kila ukitumia, mmoja anayekupenda anasahau sura yako kidogo.

Wale wanaopenda historia nao wana mwaka 1914. Reli kutoka Mombasa ilikuwa imefika ziwani tangu 1901, mahali walipapaita Port Florence, na ng'ambo ya kusini Mwanza ilikuwa ya Wajerumani. Vita ikaanza Agosti, Septemba Wajerumani wakavuka wakaingia Kisii, na tarehe 12 wakapigana na jeshi la Waingereza pale. Angalia kitu kimoja: mpaka ulikata Waluo katikati, wengine upande wa Mjerumani, wengine upande wa Mwingereza, lugha moja, koo zinazojuana. Mzungu wa pande zote mbili hawezi kumtofautisha mvuvi wa Shirati na wa Karungu. Jasusi anavuka na mzigo wa samaki na anakaribishwa chakula. Na mwaka mmoja kabla ya hapo, 1913, kule Alego, Onyango Dunde alikuwa ametangaza kwamba nyoka mkubwa wa ziwani, Mumbo, alimmeza akamtapika mzima na kumpa ujumbe kwamba Wazungu wataondoka. Hiyo imani ikasambaa mpaka Gusii na serikali ya kikoloni ikaiogopa sana. Kwa hivyo uko na dola mbili, ziwa moja, na nyoka aliyeahidi kuwafukuza wote. Msichana anayeamini Mumbo na karani wa reli anayelipwa kuwaripoti waumini: usiniambie hauna ploti.

Ila ukiandika 1914 chunga vitu vidogo. Usiweke mbuta kwa sahani, huyo aliletwa ziwani miaka ya 1950 na 60, watu walikuwa wanakula ngege, kamongo, mumi, fulu. Usiweke gugu maji, hilo tumelizoea kuanzia miaka ya 90. Msomaji wa huku akipata mbuta kwa vita ya kwanza hatakuamini tena hata kwa mambo ya nyoka, na inashangaza lakini ndivyo ilivyo, mtu atakubali nyoka anayeongea lakini samaki wa mwaka mbaya atakurudishia kitabu.

Mapenzi sasa. Neno "yamekatazwa" halitoshi. Nani amekataza, na akijua atafanya nini kesho asubuhi? Kama jibu ni "watakasirika" hiyo si katazo. Katazo ni kama mmoja akipatikana ndugu yake aliyemtangulia kwa kazi atauawa, ama boma la mama yake litafungwa, ama ile chira itashika mtoto. Na wape sababu ya kupendana ambayo si urembo. Majasusi wanadanganya siku nzima, kwa hivyo kinachowavunja ni mtu anayeona uongo wao na hasemi kitu. Mwonyeshe mmoja anagundua kwamba mwenzake hula haraka akiwa ameketi akiangalia mlango, na siku inayofuata anamwachia kiti cha kuangalia mlango bila kusema neno. Hiyo kwangu inashinda kurasa kumi za macho yanayong'aa.

Venye wanaitana pia inabeba kazi. Binti hawezi kumwita jina mzazi wa rafiki yake, atamwita kwa mtoto wa kwanza, mama fulani, baba fulani, na jasusi aliyetoka mbali akikosea hapo amejianika. Kati ya mkwe na mama mkwe kuna heshima ya umbali, hawapaswi kukaribiana ovyo, sasa tengeneza hali ambayo ujumbe wa kuokoa maisha uko mkononi mwa mama mkwe na mkwe lazima auchukue. Wakiwa wawili peke yao wapenzi waongee kawaida, wachokozane, wachanganye lugha, "omera umechelewa", si lazima kila mtu aongee kama taarifa ya habari.

Nikuonyeshe kipande, uone hivyo vitu vyote vikikaa mahali pamoja. Nyawawa unawajua, zile roho zinazopita na upepo usiku na watu wanagonga sufuria na mabati ziende zao ziwani.

"Upepo ulitoka upande wa ziwa, na sauti zikaanza, sauti za watu wengi wanaopita juu bila miguu. Jirani wa kwanza akagonga mlango wake wa bati. Wa pili akachukua mwiko na sufuria. Punde si punde Nyalenda yote ilikuwa inalia. Atieno alisimama jikoni na kifuniko mkononi, lakini hakugonga. Alikuwa anahesabu. Nyumba ya saba kutoka kwa mama wa mandazi iligonga mara tatu, ikanyamaza, ikagonga mara mbili, ikanyamaza. Ilikuwa hesabu yao, ile aliyofundishwa na watu waliomtuma. Na ile nyumba ilikuwa ya Kiprono, ambaye jana tu, akimmenyea chungwa, alimwambia yeye ni mgeni, hata nyawawa hajawahi kusikia."

Hapo hakuna aliyesema nakupenda wala mimi ni jasusi, lakini sasa Atieno anajua kitu ambacho Kiprono hajui kwamba anakijua. Andika ukitafuta dakika kama hizo.

Usaliti usiuweke mwisho, uweke katikati. Ukiuweka mwisho unabaki na kurasa tano za kulia na kusameheana na hakuna anayeamini. Katikati unapata nusu kitabu ya watu wawili waliojeruhiana wakilazimika kufanya kazi pamoja, na hapo msamaha unapatikana kwa matendo. Mwisho wenyewe, amua mapema. Wasomaji wa mapenzi wanataka wawili wabaki pamoja na wana haki hiyo, wamekupa muda wao. Ukitaka kumuua mmoja unaruhusiwa, hata Lwanda alikufa, lakini weka dalili tangu mwanzo ili msomaji ajue ameingia stori ya aina gani.

Mambo ya kazi yenyewe ni mafupi. Andika kwa simu kama hauna kompyuta, wengi wanafanya hivyo, ila ujitumie nakala kwa barua pepe kila siku. Ukiitoa kwa vipande kwenye grupu za WhatsApp, kila kipande kiishie pale mtu amejua kitu kipya, si pale mtu amepigwa risasi tu. Ikikamilika, haki yako isajili KECOBO, bodi ya hakimiliki ya Kenya, na ISBN, ile namba ya kutambulisha kitabu, inatolewa na KNLS, huduma ya maktaba ya taifa, fanya hizo kabla hujaanza kusambaza faili nzima nzima kwa watu. Alafu tafuta wasomaji watatu wa kwanza: mmoja anayelijua ziwa ama kijiji unachoandika, mmoja anayesoma riwaya za mapenzi kila wiki, na mmoja asiyependa kabisa mambo ya uchawi. Usiwaulize kama wameipenda, watasema ndio juu wanakupenda wewe. Waulize waliacha kusoma ukurasa gani siku ya kwanza, na ni nani kwa hiyo stori walianza kumshuku, na lini.